Diski ya Zamani Tuliiweka Kabatini: Jinsi Kompyuta ya Nyumbani Ilivyohama Windows 10 Uchindile

Kompyuta ninayoichambua leo ni ThinkPad T430, ya mwaka 2012, mali ya dada yangu anayefundisha shule ya msingi Uchindile. Aliinunua ikiwa imeshatumika, ina Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 320. Humo ndani mna maandalio ya masomo, picha za watoto tangu wakiwa wachanga, na daftari la Excel la kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, ambacho yeye ni katibu wake. Mwishoni mwa mwaka 2024 tuliibadilishia mfumo endeshi. Kusakinisha kwenyewe kulichukua dakika ishirini na kitu. Maandalizi yalichukua wiki mbili, na hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame kwa makini.

Tuanze na sababu. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft ilishatangaza kwamba masasisho yake ya bure yangekoma tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ya namna hiyo ikifika kompyuta haizimiki. Inaendelea kuwaka kama jana, ila kila tundu jipya la usalama linalogunduliwa linabaki wazi. Mtu wa kijijini asiyeshinda kwenye intaneti anaweza kudhani hayo hayamhusu. Lakini kompyuta ya mwalimu inapokea flashi za kila mtu: mtihani wa kuchapwa, barua ya maombi ya kazi, nyimbo za kwaya, orodha ya wanachama. Huku virusi husafiri mifukoni mwa watu.

Kwa nini hatukupanda kwenda Windows 11? Tuliiuliza mashine yenyewe. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha ukaandika tpm.msc, kinafunguka kidirisha kinachoonyesha toleo la kile kijisehemu cha kuhifadhi funguo za siri za kompyuta. Windows 11 inadai toleo la 2.0, ya dada ilisema 1.2. Inadai pia, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, na hii ni ya kizazi cha tatu. Ipo njia ya kuruka ukaguzi huo na mafundi wengi wanaijua. Niliikataa kwa sababu moja: Microsoft yenyewe inasema mashine iliyopitishwa hivyo haina uhakika wa kupata masasisho. Sisi tulikuwa tunahama kwa ajili ya masasisho, kwa hiyo tungefanya kazi yote na tatizo tungebaki nalo.

Tukachagua Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itahudumiwa hadi mwaka 2029. Mint ina sura tatu, nasi tulichukua Xfce, iliyo nyepesi kuliko zote. Kabla ya kuamua tuliandika kwenye karatasi mambo matatu ambayo mfumo mpya lazima uyaweze: kufungua daftari la VICOBA na jumla zitoke sawasawa, kufungua ESS, mfumo wa mtandaoni ambako watumishi wa umma hujaza PEPMIS, yaani taarifa za utendaji wao wa kazi, na kuchapa. ESS inafunguka kwenye kivinjari chochote, hivyo hapo hapakuwa na shaka. Kama dada angekuwa anatumia programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake, uamuzi wetu ungekuwa mwingine, na ningemwambia asihame.

Sasa umbali. Uchindile iko juu, kwenye mashamba ya mipaini na mikaratusi, na ina stesheni ya reli ya TAZARA. Ukitoka Ifakara unapita Mbingu, Chita na Mlimba ukiwa bondeni, kisha reli inaanza kupanda kuelekea Makambako kwa madaraja na mahandaki, katika kipande kilichowatoa jasho kuliko vyote waliojenga reli ile kati ya mwaka 1970 na 1975. Treni ya abiria haipiti kila siku. Mtu wa Dar es Salaam akigundua katikati ya kazi kwamba faili alilopakua ni bovu, anapakua jingine jioni ileile. Uchindile utakaa na mashine isiyowaka hadi siku ya treni. Kwa hiyo kanuni yetu ilikuwa kwamba hatuchukui hatua yoyote ambayo hatuwezi kuirudisha nyuma tukiwa palepale.

Faili la Mint lina ukubwa wa karibu GB 3. Kulipakua kwa bando la simu kijijini, mtandao ukija na kupotea, ni kulichezea bando. Nililipakua Ifakara, na kabla ya kuondoka nikalihakiki. Watengenezaji wa Mint hutoa pamoja na faili hilo alama iitwayo SHA256: mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili zima. Ikibadilika hata biti moja ndani ya faili, mfuatano wote unageuka. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, nayo inakukokotolea. Nilikaa na kijana mwenye duka la stesheneri, yeye akisoma alama ya kwenye tovuti kwa makundi ya herufi nne, mimi nikifuata kwa kidole ile ya kwenye skrini. Makundi kumi na sita, yote yakalingana. Kazi hiyo haikufika dakika tatu, na ndiyo iliyonipa moyo wa kupanda treni.

Faili hilo nililiandika kwenye flashi mbili kwa programu ya Rufus. Mbili, kwa sababu madukani kuna flashi feki zinazojitangaza kuwa na GB 64 wakati ndani zina nafasi ya GB 8. Flashi ya namna hiyo hupokea faili bila kulalamika, halafu yanayozidi nafasi yanapotea. Nilizijaribu zote mbili kwa kuiwasha nazo kompyuta ya palepale dukani, hadi meza ya Mint ikatokea.

Uamuzi uliobeba kazi nzima ulikuwa wa diski. Watu wengi hubadilisha mfumo juu ya diski ileile: wanahamishia mafaili kwenye flashi, wanafuta, wanasakinisha, kisha wanarudisha. Mimi nilifanya hivyo mwaka 2020, Windows 7 ilipofikia mwisho wake Januari 14, na nikapoteza picha za mazishi ya baba yetu zilizokuwa kwenye folda niliyoisahau. Kosa lilikuwa langu. Ukifuta diski, unafuta hata yale usiyokumbuka kwamba unayo, na hakuna orodha itakayoyaokoa hayo.

Safari hii nilinunua diski ya SSD ya GB 240, RAM nyingine ya GB 4, na kasha dogo la kuunganisha diski kwa waya wa USB. T430 ilitengenezwa kwa watu wa kazi. Unazima, unachomoa betri, unalegeza skrubu moja ya chini, kifuniko cha ubavuni kinatoka, na diski unaivuta kwa kishikizo chake kama unavyovuta droo. Nilimpa dada bisibisi aitoe mwenyewe.

"Mdogo wangu," akasema akiwa ameishika kiganjani, "hela za akina mama wenzangu ziko humu."

"Ndiyo, dada. Na zitabaki humo humo. Iweke kabatini, ufunge."

Akaifunga kwenye kanga na kuiweka. Tangu dakika ile hakuna kosa ambalo lingeweza kugharimu zaidi ya muda wetu. Kama Mint ingegoma, tungechomoa SSD, tungerudisha diski ya zamani, na Windows 10 ingewaka kama ilivyoachwa asubuhi.

Betri ilikuwa ya zamani, ya kushika chaji kama nusu saa. Tuliijaza kwanza, ili umeme ukikatika katikati tusikatike nao. Mashine iliwashwa kwa flashi, kwa kubonyeza F12, na Mint ikafunguka bila kugusa diski. Hiyo ni nafasi ya kujaribu ambayo wengi huiruka kwa haraka ya kusakinisha. Tulikagua Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, na kila kitufe cha kibodi. Wi-Fi ndiyo ya kwanza, maana isipotambuliwa huku hakuna pa kukimbilia. Ikashika hotspoti ya simu mara moja.

Kisha tukafika kwenye ukurasa unaoogopwa kuliko wote, ule unaokwambia kwamba diski nzima itafutwa. Katika kazi nyingi nilizowahi kufanya, hapo mkono husita. Safari hii diski pekee iliyokuwa ndani ya mashine ilikuwa tupu. Dada alibonyeza mwenyewe, akaenda kuinjika chai. Aliporudi, kompyuta ilikuwa inaomba iwashwe upya. Ile mashine iliyochukua zaidi ya dakika tatu kuwaka sasa inachukua chini ya nusu dakika. Niseme wazi kwamba sehemu kubwa ya kasi hiyo ni ya SSD na RAM, wala si ya Linux pekee. Anayebadilisha mfumo na kuacha diski ya kuzunguka asitegemee mabadiliko makubwa hivyo.

Matatizo mawili yalijitokeza. La kwanza, betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, na mashine ilirudi miaka mingi nyuma kila ilipokosa umeme. Kivinjari kikakataa kufungua tovuti salama, kwa sababu vyeti vya tovuti vina tarehe, na kwa saa ile vilionekana havijaanza kutumika. Ukikutana na hali hiyo, usilaumu mtandao. Tazama tarehe kwanza.

La pili lilikuwa zito. Tuliunganisha diski ya zamani kwa lile kasha, tukanakili mafaili, tukafungua daftari la VICOBA kwa programu ya LibreOffice. Jumla zilikuwa sawa na daftari la karatasi hadi shilingi ya mwisho. Lakini dada alikodoa macho kwenye safu ya tarehe. Mkopo uliotolewa 3/11 ulisomeka 11/3. Tarehe tatu Novemba imegeuka kuwa kumi na moja Machi, na kwa kikundi chenye faini ya kuchelewesha marejesho hilo ni la ugomvi. Data yenyewe ilikuwa nzima. Mfumo ulikuwa umewekewa utaratibu wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Tulibadilisha mpangilio kuwa Kiingereza cha Uingereza na tarehe zikarudi mahali pake. Mimi fundi nilikuwa nimeridhika na jumla. Kosa lililobaki aliliona mwenye daftari, kwa sababu anawajua waliokopa na siku waliyokopa.

Dada aliniuliza kama LibreOffice inajua Kiswahili. Nilimweleza kwamba ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice, ileile ambayo mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri ikaitwa Jambo OpenOffice. Programu huria mtu anaweza kuifasiri na kuigawa bila kuomba ruhusa, na bado ipo kazi kubwa ya kuimalizia.

Oktoba 2025 ilipofika, Microsoft ilitoa nyongeza ya masasisho kwa wenye Windows 10 majumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ni nafuu kwa ambaye bado hajajipanga, na namshauri autumie muda huo kwa mpangilio huu: orodha ya kazi zako, faili lililohakikiwa, diski mpya ndani na ya zamani nje, jaribio kwa flashi, kisha mwenye mafaili ayakague mwenyewe.

Diski ya Windows ilikaa kwenye ile kanga hadi kikundi kilipofanya mgao wao na kila mwanachama akasaini kwamba amepata chake. Kesho yake dada alinipigia simu. "Sasa naweza kuifuta," akasema. Aliiweka kwenye kasha, akaifuta, na tangu siku hiyo kila Ijumaa jioni ananakili humo daftari la kikundi, kisha anairudisha kabatini.