Mstari wa Kati wa Beijing

Mhimili wa Beijing ni mstari wa kilomita 7.8 unaoupasua mji wa kale kutoka kusini hadi kaskazini, kuanzia lango la Yongdingmen mpaka Mnara wa Kengele. Kwenye ramani umenyooka kama uzi wa fundi. Chini mtu hauoni, kwa sababu malango, kumbi na hata kilima vimejengwa juu yake. Mstari huu ulikusudiwa kupitiwa, si kutazamwa.

Kanuni yake ni ya zamani. Kaogongji, maandiko ya kale kuhusu kazi za mafundi, inataka mji mkuu uwe mraba wenye malango matatu kila upande, hekalu la mababu kushoto, madhabahu ya ardhi kulia, baraza mbele na soko nyuma. Kushoto hapo maana yake ni mashariki, kwa kuwa mfalme huketi akielekea kusini. Liu Bingzhong aliitumia kanuni hiyo alipopanga Dadu, yaani Beijing ya wakati huo, mji mkuu wa Kublai Khan ulioanza kujengwa mwaka 1267. Baadaye watawala wa nasaba ya Ming walijenga Kasri la Kifalme kwenye mhimili kati ya mwaka 1406 na 1420.

Ufundi wenyewe unaonekana kwenye nguzo. Kumbi za mhimili zina nafasi za idadi witiri baina ya nguzo za mbele. Taihedian, ukumbi mkuu, ina 11. Idadi ikiwa witiri, mstari wa kati hauangukii kwenye nguzo bali kwenye uwazi, na uwazi huo ndio mpana kuliko mingine. Kiti cha enzi kimewekwa hapo hapo.

Nyua nazo hubana na kuachia. Kutoka lango la Tiananmen hadi lango la Wumen mgeni hupita kwenye uwanja mrefu mwembamba, kisha hutokea uani kwenye madaraja matano ya mawe meupe, na lango jingine humtoa mbele ya Taihedian, kwenye uwanja usio na mti hata mmoja. Ukubwa wa ukumbi ule unatokana zaidi na uwazi huo kuliko kimo chake.

Katikati hapakuwa pa kila mtu. Wumen ina njia tano, na ya kati ilikuwa ya mfalme. Malkia aliipita siku ya harusi tu, na washindi watatu wa kwanza wa mtihani wa juu kabisa wa serikali waliruhusiwa kutokea hapo mara moja. Nyuma ya ukumbi wa Baohedian, ngazi zimegawanywa na jiwe moja lililochongwa majoka, refu kuliko mita 16 na zito kuliko tani 200, lililoburutwa juu ya barafu wakati wa baridi. Wachukuzi waliombeba mfalme walipanda ngazi za pembeni. Kiti chake cha kubebwa kilielea juu ya jiwe.

Kaskazini ya kasri udongo uliochimbwa kwenye handaki lake ulirundikwa ukawa kilima cha Jingshan, kinga ya mgongo kwa imani ya fengshui. Kileleni, tofauti na kwingineko, mapaa ya kasri huonekana yamepangana katika mstari mmoja.

Yongdingmen, iliyoongezwa mwaka 1553 pamoja na ukuta wa nje, ilibomolewa mwaka 1957 na kujengwa upya mwaka 2004. Mhimili wote uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia Julai 2024.