Mkono wa Mtu Mzima

Mwalimu wa watoto anaweza kufoka leo, na kesho mwanafunzi akarudi, maana nyumbani kuna mzazi wa kumsukuma. Mwalimu wa watu wazima akifoka mara moja, benchi linabaki tupu. Aliyekaa mbele yake ni mama mkwe wa mtu. Ameshazika, ameshaozesha, na akisema neno kijijini linasikilizwa. Sasa ameshika penseli, na wote wanaona hajui aishikeje. Ufundi ninaousifu ni wa kumvusha mtu huyo hapo heshima yake ikiwa kamili.

Niliujua kwa mama yangu mkubwa, aliyefundisha kisomo kisiwani Ukerewe. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kisha wilaya sita zikatakiwa zitangulie kufuta ujinga kabla 1971 haijaisha: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Pare, Masasi, Mafia na Ukerewe. Walimu wa shule hawakutosha hata kidogo. Wakaitwa wa kujitolea, watu waliomaliza shule ya msingi tu, kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Posho yenyewe, kwa alivyosimulia, ilikuja ilipotaka. Nyumbani alikuwa na watoto wadogo, mkwe mgonjwa na shamba la pamba.

Darasa lilikaa alasiri chini ya mwembe, watu wakishatoka shambani, naye alikwenda na mtoto mgongoni. Ndugu zangu hulisimulia hilo kwa kumhurumia. Mimi naona ndilo lililomjazia darasa. Wanafunzi wengi wa kisomo walikuwa wanawake, na walipomwona mwalimu ananyonyesha huku anaelekeza, hakuna aliyebaki na udhuru wa kukaa nyumbani.

Kazi kubwa ilikuwa mkononi. Kiganja kilichozoea jembe hukikaba kitu chepesi: ncha inavunjika, karatasi inatoboka, jasho linalowanisha daftari. Kwa hiyo daftari alilichelewesha. Aliwapa vijiti waandike mchangani, kwa kuwa kosa la mchangani hufutwa kwa unyayo na hakuna anayekwenda nalo nyumbani likaonwa na watoto. Penseli ilifuata mikono ikishalegea. Wanawake aliwashika mkono akauongoza; wazee wa kiume hakuwagusa. Kwao alikuwa na hila yake: aliandika neno ubaoni, akaruka herufi moja makusudi, akangoja. Mzee mmoja angekohoa, angejikuna, mwishowe angesema, “Mwalimu, hapo umesahau.” Alimshukuru na kumpa chaki. Kutoka siku ile mzee yule hakukosa darasa.

Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilitungwa kufuata kazi za watu, kama kilimo cha pamba na uvuvi. Somo lilianza kwa mazungumzo juu ya picha, likaja kwenye sentensi, sentensi ikakatwa kuwa maneno, na maneno yakawa silabi. Ni njia nzuri, ila ilikuwa ya Kiswahili kitupu, na wapo akina bibi waliokijua cha kununulia chumvi tu. Walitakiwa wajifunze kusoma na lugha kwa mkupuo mmoja. Mama mkubwa aliyaendesha mazungumzo ya picha kwa Kikerewe, wakacheka na kubishana kwanza, ndipo akaandika sentensi ya Kiswahili. Afisa akitokea, Kikerewe kilikatika ghafla. Sikumlaumu kwa ujanja huo. Katika kisiwa hichohicho Aniceti Kitereza alikuwa amemaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945; ilibidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa 1980.

Takwimu za taifa ni za kujivunia: wasiojua kusoma na kuandika walihesabiwa asilimia 67 mwaka 1967, asilimia 39 mwaka 1975, na chini kidogo ya 10 mwaka 1986. Zina wabishi wake, nami ni mmoja wao, kwa kuwa aliyefaulu mtihani na kisha asipate gazeti wala kitabu hurudi alikotoka taratibu. Miaka ya 1980 uchumi ulipobana, mafuta ya taa yakawa ya kutafutwa na madarasa mengi yakafa. Lakini takwimu haziwezi kuonyesha mwanamke aliyeacha kupeleka barua ya mumewe kwa mtoto wa jirani ili asomewe, na siri zake zikaacha kuzunguka kijiji. Hilo la siri ndilo lililowaleta wengi darasani, kuliko pamba bora.

Mama mkubwa ni bibi mzee sasa, na wanamfuata kwa shida nyingine. Pesa za watoto walio mjini zinaingia kwenye simu, na bibi anayeogopa vitufe humtajia wakala namba yake ya siri mbele ya foleni nzima. Anawakalisha uani na simu zao. Ukimpa yako akubonyezee, anaweka mikono nyuma. “Bonyeza mwenyewe, shoga,” anasema, “ukikosea tunafuta.” Mjukuu wake, kijana mwepesi wa vidole, amefukuzwa kwenye kikao hicho kwa kosa la kusaidia.