Shing'weng'we si Zimwi

Tabora, katika Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapo ikagawanyika: moja ikaenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine ikaelekea kaskazini kwenye nchi za Ziwa Viktoria. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, waliwakuta Waarabu wamekwisha kujenga, na wapagazi wa Kinyamwezi wakishuka pwani na kurudi. Kiswahili nacho kilipanda bara kwa njia hiyo hiyo. Lugha zikutanapo kwa biashara, hadithi nazo hukutana, na majina ya viumbe vyake hutafutiwa tafsiri. Hapo ndipo pana kasoro inayostahili kutazamwa. Shing'weng'we, kiumbe mashuhuri wa masimulizi ya Wasukuma, ambao lugha yao ni ndugu wa damu wa Kinyamwezi, aingiapo katika Kiswahili ni rahisi avikwe jina la zimwi. Tafsiri hiyo yaonekana nyepesi. Kwa kweli yaharibu kisa.

Kisa chenyewe husimuliwa kwa namna mbalimbali, lakini mifupa yake ni hii. Shing'weng'we alimeza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Akasalia mwanamke mmoja mja mzito, aliyejificha katika rundo la makapi ya nafaka. Akamzaa mtoto, naye ndiye Masala Kulangwa, jina lenye maana ya mwenye akili, mwepesi wa kufahamu. Mtoto alipokua akauliza watu wengine wako wapi, mama akamweleza. Akaenda mwituni, kila mara akarudi na mnyama aliyemwua, akimwuliza mama kama huyu ndiye Shing'weng'we, na mama akijibu kuwa siye. Hatimaye akamwua Shing'weng'we mwenyewe, akampasua tumbo, na watu wakatoka wazima.

Sasa litazamwe neno zimwi. Waswahili husema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Methali hiyo ni ushahidi wa kutosha juu ya tabia ya kiumbe huyo. Zimwi ni mla watu, lakini laweza kumjua mtu, na ujuzi huo humpunguzia mtu madhara. Shing'weng'we hamjui mtu yeyote wala hambakizi kwa ajili ya urafiki. Mwanamke alisalimika kwa kuwa hakuonekana. Tena zimwi hula, na kiliwacho hakirudi. Shing'weng'we humeza, na kilichomezwa chaweza kutoka. Kisa kizima kimesimama juu ya tofauti ya vitenzi hivi viwili. Mfasiri aandikapo kwamba zimwi liliwala watu wote, amekwisha kuwaua wale ambao msimulizi amewahifadhi tumboni.

Yaweza kusemwa kwamba nunda angefaa zaidi. Katika mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi za Unguja, uliochapishwa mwaka 1870, imo hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Humo nako kijana mdogo huenda kuwinda, humletea mama yake mnyama baada ya mnyama, na mama humwambia kuwa huyo siye. Kufanana huku ni kukubwa mno hata kusidhaniwe kuwa ni bahati tu. Lakini nunda ni paka aliyelelewa nyumbani mwa sultani. Alikula mifugo, na raia walipolalamika sultani alijibu kwamba paka ni wake na wanaoliwa ni wake pia, mpaka paka alipowaua wanawe mwenyewe. Hiyo ni hadithi ya jumba na utawala usiosikiliza. Hadithi ya Shing'weng'we ni ya wakulima na wafugaji. Kimbilio lake ni makapi. Maisha ya kila siku ndiyo yanayompa kila kiumbe umbo lake.

Yupo pia mhakiki atakayesema kwamba Shing'weng'we ni msafara wenyewe, uliomeza watu na kuwapeleka utumwani. Fikra hii yavutia, lakini haiwezi kuwa asili ya kisa. Wasotho wa kusini, walio mbali na njia ya Tabora, wanaye Kholumolumo, ambaye naye alimeza watu na wanyama akabakiza mwanamke mja mzito, S. M. Mofokeng alikitungia kisa hicho tamthilia, *Senkatana*, mwaka 1952. Kisa ni cha kale kuliko misafara. Misafara iliweza kukipa wasikilizaji wenye uchungu mpya, haikukizaa.

Kasoro hii si ya Kiswahili peke yake. Waviking wa Skandinavia walikuwa na majina mengi ya viumbe vyao. Draugi alikuwa maiti asiyetulia, mlinzi wa mali ya kaburi lake. Jotuni alikuwa wa ukoo ulioshindana na miungu na kuoana nayo. Snorri Sturluson wa Iceland, aliyeandika Edda yake mnamo miaka ya 1220, asimulia kwamba Skadi, binti wa jotuni, aliolewa na Njord, mungu wa bahari, wakashindwa kukaa pamoja kwa kuwa mke alipenda milima na mume alipenda pwani. Waingereza walipowaita majotuni kwa neno lao la majitu, ambalo asili yake ni Kiyunani, msomaji alibaki na ukubwa wa mwili, akapoteza ugomvi wa bara na pwani ambao Mnyamwezi na Mswahili wangeutambua mara moja.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kuliacha jina la Shing'weng'we lilivyo, na kitenzi kumeza akilinde. Tena asikomee tumbo lilipopasuliwa. Kisu cha Masala Kulangwa kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Naye, ingawa ameokolewa, alikasirika akataka kulipiza kisasi. Kijana aliomba radhi, akatafuta dawa, akamponya, kisha watu wakampa utawala. Mwua zimwi hupewa sifa basi. Lakini huyu aliwatoa watu wakiwa hai, na aliye hai ana sikio la kuumia na kinywa cha kudai haki yake. Ukimwita Shing'weng'we zimwi, bibi kizee yule hana mahali pa kusimama.