Istilahi za Fizikia Katika Darasa la Kujadiliana

1. Utangulizi

Mbinu mpya za kufundisha fizikia katika shule za sekondari zimekuja pamoja na maneno yake. Katika mihtasari, miongozo ya walimu na taarifa za semina, msomaji hukutana nayo kila ukurasa. Madhumuni ya makala haya ni kuyahakiki baadhi ya maneno hayo, pamoja na istilahi chache za somo lenyewe, na kuuliza kama yanamsaidia mwanafunzi kufikiri au yanampa mzigo mwingine wa kukariri. Hatuandiki kama watazamaji. Sisi tunaoshughulika na istilahi tumo miongoni mwa wanaolaumiwa humu, maana aghalabu tumeunda maneno mezani bila kwenda kuyasikiliza darasani.

2. "Mbinu shirikishi" na udhaifu wake

Neno "shirikishi" limeenea sana nchini Tanzania tangu ulipoanza kutumika mtaala wa sekondari wa mwaka 2005, uliotilia mkazo ujuzi. Kisarufi halina kosa. Limetokana na kitenzi "shirikisha", nacho kina kiambishi cha kusababisha. Lakini humo ndimo ulimo udhaifu wake. Mtenda katika neno hili ni mwalimu. Wanafunzi ni watu wa kushirikishwa tu. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" na darasa zima likaitikia, "Ndiyo!", aweza kuandika katika andalio lake la somo kwamba ametumia mbinu shirikishi, na hakuna wa kumpinga. Istilahi inayofunika kila jambo haipambanui jambo lolote.

Tuchukue mfano wa utaratibu ulioanzishwa mwaka 1991 na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwalimu hutoa swali la dhana lisilohitaji hesabu ndefu. Kila mwanafunzi hujibu kwanza peke yake. Kisha humgeukia jirani mwenye jibu tofauti, nao hujaribu kushawishiana kwa hoja. Halafu wote hujibu tena, ndipo mwalimu aeleze. Utaratibu huu hauhitaji maabara wala vyombo vya thamani. Vipande vya karatasi vyenye herufi A, B, C na D vyatosha, hata darasa likiwa na wanafunzi wengi.

Kuuita utaratibu huu "mbinu shirikishi" ni kuupotezea sura yake. Kuuita "elimu rika" nako hakufai, kwa kuwa jina hilo limekwisha kuchukuliwa na mafunzo ya afya kwa vijana. Sisi tunapendekeza "kufundishana". Kiambishi cha kutendana kinaeleza bila maneno mengi kwamba kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja ni mwanafunzi. Hapana sababu ya kutafsiri maneno mawili ya kigeni kwa maneno mawili ya Kiswahili ikiwa sarufi yetu inalo jibu ndani ya kitenzi kimoja.

Faida ya kufundishana si jambo la kudhaniwa. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake wawili huko Marekani walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua juu ya dhana ya kani. Mwaka 1998 Richard Hake alitoa uchambuzi wa matokeo ya wanafunzi 6,542 wa shule za sekondari, vyuo na vyuo vikuu, kwa kutazama majaribio ya aina hiyo yaliyofanywa kabla na baada ya masomo. Madarasa ya mihadhara ya kawaida yalipata, kwa wastani, asilimia 23 ya maendeleo yaliyokuwa yakiwezekana kupatikana. Madarasa ambamo wanafunzi walifikiri, wakatenda na kujadiliana yalipata asilimia 48. Tofauti hii si ndogo.

3. Nguvu na kani

Lakini kujadiliana hufanywa kwa lugha. Tuliwahi kuketi nyuma ya darasa moja la Kidato cha Pili. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza: jiwe limerushwa juu na limekwisha kutoka mkononi; likiwa bado linapanda, ni nguvu zipi zinazolivuta au kulisukuma? Darasa lilikuwa kimya. Alipowaambia wajadiliane wawili wawili, chumba kizima kikachangamka, na mazungumzo yote yakawa ya Kiswahili. Msichana aliyekuwa karibu nasi alimwambia mwenzake, "Bado lina nguvu ya mkono, ndiyo maana linapanda. Likiishiwa nguvu litaanguka." Mwenzake akamjibu, "Mbona mkono umekwisha kuliachia?" Yule wa kwanza akasema, "Nguvu imo ndani ya jiwe." Kisha mwalimu aliandika ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba ukiacha upinzani wa hewa kuna mvutano wa dunia tu. Wote wawili wakanakili. Hoja ya msichana yule haikujibiwa.

Hatumlaumu mwalimu, kwa kuwa alithubutu kuwapa wanafunzi nafasi ya kusema. Wala hatumlaumu msichana. Kwa Kiswahili cha kila siku alisema sawasawa. Mgonjwa huishiwa nguvu, betri huishiwa nguvu, na mpira uliopigwa huishiwa nguvu kabla ya kufika golini. Katika lugha yetu nguvu ni kitu cha kuwa nacho, cha kutunza na cha kupoteza. Katika fizikia, jambo tunalolizungumzia halimilikiwi na kitu kimoja; hutokea baina ya vitu viwili. Jiwe linalopanda lina tungamo, lina kasi na lina nishati. Halina nguvu ya mkono.

Kosa hili si la wasemaji wa Kiswahili peke yao. Wanafunzi wa Marekani nao walilifanya kwa wingi katika jaribio tulilolitaja. Tofauti ni kwamba neno letu "nguvu" hulipa kosa hilo kimbilio zuri zaidi, maana hubeba kwa pamoja dhana za kani, nishati na hata kiasi cha kazi inayofanywa kwa sekunde.

Kwa sababu hiyo twaona neno "kani" lina faida ambayo waandishi wa vitabu hawajaitumia ipasavyo. Katika matumizi ya kale, kani ni ushindani, ni kushikilia jambo dhidi ya mwingine. Mtu hashindani peke yake. Neno hili, basi, tayari lina pande mbili ndani yake, na mwalimu aweza kuuliza: "Kani ya nani juu ya nani?" Swali hilo moja lingetosha kumjibu msichana yule, kwa kuwa baada ya jiwe kutoka mkononi, mkono si mmoja wa washindani tena. Zaidi ya hayo, neno hili lina uzao. "Kanieneo" ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Kanuni yenyewe imo ndani ya neno.

Hata hivyo, si ajabu kukuta kani imefafanuliwa kuwa ni "nguvu ya kusukuma au kuvuta". Fafanuzi hiyo humrudisha nyumbani yule tuliyekwisha kumtoa. Wala si ajabu kukuta "nguvu ya uvutano" na "kani ya msuguano" zikikaa pamoja, kana kwamba ni vitu vya aina mbili. Huu si uchaguzi wa mtindo. Ni uzembe, na gharama yake hulipwa na mwanafunzi.

4. Joto na halijoto

Ziko istilahi zilizofaulu. "Halijoto" ni mojawapo, maana hutenganisha kipimo cha kipimajoto na joto lenyewe linalotoka kitu kimoja kwenda kingine. Umuhimu wa kutaja vipimo waziwazi tunaweza kuuona katika kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanga, aliona maziwa yake ya moto yakiganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam swali lililotaja vyombo viwili vilivyo sawa, maji ya ujazo ulio sawa, na halijoto mbili za kuanzia: nyuzi 35 na nyuzi 100. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala kwa pamoja. Wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo hilo. Kwetu sisi funzo ni kwamba swali lenye vipimo vilivyotajwa waziwazi laweza kupimwa na yeyote, hata likitoka kwa mwanafunzi.

5. Hitimisho

Huenda mtu akasema kwamba sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mjadala huu hauna haja. Ni kweli kwamba pendekezo la Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982, la kutumia Kiswahili sekondari, halikutekelezwa. Lakini mara mwalimu anapowaruhusu wanafunzi kujadiliana, Kiswahili huingia chenyewe. Kisipokuta istilahi zilizonyooka, hutumia zilizopo. Kwa hiyo tunapendekeza:

(a) "Kufundishana" litumike kwa utaratibu tulioueleza, na "mbinu shirikishi" isitumike pasipo kutaja utaratibu wenyewe.

(b) Kani ifafanuliwe kuwa ni msukumo au mvuto wa kitu kimoja juu ya kingine, unaoweza kubadili mwendo au umbo lake. Neno "nguvu" lisiingizwe katika fafanuzi hiyo.

(c) Kila istilahi ya fizikia ijaribiwe kwanza katika mazungumzo ya wanafunzi kabla ya kusanifiwa.

Pendekezo la tatu linatuhusu sisi kuliko walimu. Wasomaji wenye mifano ya madarasani mwao, hasa ile inayopinga tuliyoyasema juu ya kani, tunawaomba watuletee.