Rangi za Filamu ya Hero katika Ukumbi wa Mihadhara

Filamu ya Hero, iliyoongozwa na Zhang Yimou na kutolewa mwaka 2002, inasimulia njama ya kumuua mfalme wa dola la Qin, yule aliyekamilisha kuiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo, na kila kisa hicho kinaposimuliwa upya, mavazi na mapazia hubadilika rangi, ili mtazamaji atambue kwa macho ni nani anayesema na aaminiwe kiasi gani. Masimulizi ya uongo ya shujaa asiye na jina yamevikwa rangi nyekundu, dhana ya mfalme anayeyakanusha imevikwa buluu, ukweli umevikwa nyeupe, na kumbukumbu ya shambulio la ikulu, iliyo ndani ya ukweli huo, imevikwa kijani. Kwa kuwa mpiga picha Christopher Doyle na mbunifu wa mavazi Emi Wada waliifanya rangi ibebe hoja, chuo kinachoionyesha filamu hii kwa uzembe hakiharibu urembo wake tu, bali huwanyima wanafunzi kisa chenyewe.

Adui wa kwanza ni mwanga wa ukumbini, kwa sababu projekta haina uwezo wa kutoa weusi: sehemu nyeusi ya picha ni pale tu ambapo nuru haikutupwa, na nuru ya dirishani ikipenya mapazia mepesi, baraza la Qin, ambalo weusi wake ndio kitisho chake, hugeuka kijivu. Hatari kubwa zaidi, ijapokuwa haionekani upesi, imo katika mpangilio wa mwangaza wa juu kabisa, ambao projekta nyingi huufikia kwa kuzidisha kijani. Hapo nguo nyeupe huchukua ukijani, na mpaka kati ya ukweli na kumbukumbu, uliochorwa kwa rangi hizo mbili, hufifia. Mpangilio uliokusudiwa sinema hupunguza mwangaza, lakini hupunguza kwa faida.

Uwiano wa picha, yaani upana wake ukilinganishwa na kimo, nao unadai uangalifu. Upana wa Hero unakaribia mara 2.4 ya kimo chake, hivyo kwenye skrini ya 16 kwa 9 picha kamili hujaza takribani robo tatu ya kimo, na kwenye skrini ya zamani ya 4 kwa 3 hujaza zaidi kidogo ya nusu. Michirizi myeusi ya juu na chini isiondolewe kwa kuikuza picha, kwani kwenye skrini ya 16 kwa 9 robo ya upana hupotea, pamoja na wapiganaji waliowekwa pembezoni makusudi.

Kipimo bora kabla ya watazamaji kuingia ni pambano la msituni, ambako majani ya manjano hugeuka mekundu msichana Moon anapokufa: badiliko hilo lisipoonekana vizuri kutoka viti vya nyuma, onyesho liahirishwe hadi usiku.