Darizi Nyeupe ya Schwalm na Kitani cha Kericho

Msafiri atokaye Soin, katika joto la nchi ya chini ambako miwa na mahindi ndiyo mashamba, akapanda kuelekea Kericho, hufika mahali ambapo hewa hugeuka baridi na majani ya chai yakatandaa mbele ya macho yake kana kwamba tangu azali hapakuota kitu kingine. Walakini chai ile haina umri mkubwa katika ardhi hii, na kabla ya miche yake kutiwa udongoni, katika sehemu ya nchi ile ile, kulipandwa kitani.

Ilikuwa baada ya Vita Kuu vya Kwanza, mwaka 1919, ambapo maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walitengewa ekari 25,000 katika nchi ya Wakipsigis, nchi iliyotwaliwa kwa wenyewe pasipo ridhaa yao, ili wafanye makazi ya ukulima yaliyojulikana kwa kifupi BEADOC. Na zao walilolitumainia lilikuwa kitani, kwa sababu viwanda vya Ulaya vilikikosa kwa ajili ya vita na bei yake ilikuwa imepanda kupita kiasi. Haukupita muda bei ikaporomoka, mradi ukavunjika, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na kupanda chai. Wakipsigis hawakurudishiwa ardhi, na kitani kikasahauliwa hata leo ni nadra kumpata mtu wa Kericho anayejua kwamba mmea ule wa maua ya buluu uliwahi kustawi kwake.

Nimetanguliza habari hii kwa sababu nakusudia kuchambua ufundi ambao chanzo chake ni mmea huo huo, nao ni darizi nyeupe ya Schwalm, huko Hesse katika Ujerumani. Na kwa sababu akina mama wa Soin na Kericho, ambao vitambaa vyao vya mkono hufunika makochi, meza na redio katika kila nyumba ya heshima, wakionyeshwa kazi hiyo husema mara moja kwamba ni ya watu wa mbali na haiwezekani kwa mikono yao. Mimi naona kinyume chake. Nusu ya ilimu ile wanayo tayari, na nusu iliyobaki haiko katika wepesi wa vidole bali katika kujua kipi kitangulie na kipi kifuate.

Schwalm ni mto mdogo, na nchi inayouzunguka, yenye vijiji kama Willingshausen, Schrecksbach na Holzburg, ilikuwa nchi ya wakulima walioshika sana mavazi yao ya jadi, hata rangi ya vazi ikaeleza hali ya mwanamke: nyekundu kwa mwari, kijani kwa aliyeolewa karibuni, buluu na zambarau kwa mtu mzima, nyeusi kwa mzee na kwa mwenye msiba. Lakini katika shuka, mito, mikono ya mashati na vitambaa vya kutundika siku za sherehe, mahali pa rangi palishikwa na weupe juu ya weupe. Binti alianza mapema kuvitengeneza vyombo hivi vya arusi, akaviweka kashani, akavitia herufi za jina lake na mwaka, na jirani walipokuja kutazama walikuwa wakisoma katika nguo hizo bidii ya nyumba nzima.

Nguo yenyewe waliizalisha shambani. Kitani hakikatwi kwa mundu, hung'olewa pamoja na mizizi yake, ili nyuzi zilizomo ndani ya bua zibaki na urefu wake wote. Kisha mbegu hupuruliwa, mabua yakalowekwa majini au kutandazwa penye umande kwa majuma kadhaa mpaka utomvu unaoyashika uoze, yakakaushwa, yakavunjwavunjwa kwa chombo cha mti, yakapigwa ili makapi yaanguke, na mwishowe yakapitishwa katika meno ya chuma yanayochana nyuzi ndefu na kuziacha fupi nyuma. Majira ya baridi wanawake walikusanyika wakasokota, na nguo ikiisha kufumwa ilitandazwa majanini, ikanyunyizwa maji na kuachiwa jua siku baada ya siku hata ikawa nyeupe. Mtu aliyepitia kazi hizi zote huujua uzi mmoja mmoja. Hiyo ndiyo sababu, kwa maoni yangu, darizi hii haikuridhika kupamba uso wa nguo peke yake, bali iliingia ndani ya mfumo wake, ikautoa uzi wa mtande hapa na wa mshindio pale, na kujenga pambo kwa kile kilichosalia.

Na hapo ndipo penye shida ya kiufundi. Nguo ni mapatano ya nyuzi zinazobanana. Ukitoa mmoja, jirani zake hulegea, na ukitoa nyingi, mahali pale huwa wavu usio na nguvu ambao kwa kufuliwa mara chache huchanika. Itatolewaje nguo nyuzi zake, tena itumike kitandani na kuchemshwa katika sufuria ya sabuni, na idumu hata wajukuu wairithi?

Jibu la watu wa Schwalm lilikuwa kujenga boma kwanza. Umbo huchorwa kwa mstari mwembamba juu ya nguo: moyo, yungiyungi la aina ya tulipu, jua la mviringo, ndege, kikapu cha maua. Juu ya mstari huo hupita mshono wa mafundo: uzi hulazwa juu ya mstari, sindano ikauma nguo kidogo sana chini ya uzi huo, kwa kuukata mstari, na ikitokea hupita ndani ya kitanzi chake na kukazwa, likabaki fundo dogo lililosimama juu ya nguo kama punje, hatua ndogo, fundo jingine, hata umbo zima limezungukwa. Ndani ya mafundo, kwa kuyagusa, hushonwa safu ya mnyororo. Mpaka hapo hapajatolewa hata uzi mmoja, na mwanafunzi mwenye haraka huona kwamba muda unapotea, ilhali kazi yote itategemea safu hizi mbili: mafundo hulipa umbo kingo zake na kivuli chake, na mnyororo ndio utakaoshika ncha za nyuzi zitakapokatwa.

Baada ya hapo mshonaji huigeuza nguo, akaingiza ncha ya sindano chini ya uzi mmoja katikati ya umbo, akaukata kwa mkasi mdogo, akauchomoa pole pole upande huu mpaka ufike kwenye mnyororo, kisha upande wa pili, na kuikata ncha karibu kabisa na mnyororo pasipo kuugusa. Hesabu ya nyuzi za kutolewa hutegemea pambo linalokusudiwa. Katika aina wanayoiita limeti, kila uzi wa nne hutolewa na tatu huachwa, na zile zinazobaki hufungwa vifungu kwa mishono ya mawimbi, ya visanduku au ya vijiwaridi, hata uwanja wa ndani ukawa kama sega la nyuki, wenye matundu madogo lakini mzito. Katika aina ya pili, ile ya kupitisha nuru, hutolewa nyuzi mbili na kuachwa mbili, katika mtande na katika mshindio pia, uwanja ukabaki wavu mtupu; na wavu huo, kabla ya kupambwa, hupitiwa mshazari kwa mshazari, kila kijiti chake kikizungushiwa uzi hata kikawa kigumu. Ndipo hufumwa juu yake miviringo, nyota na misalaba. Ukiishika nguo hiyo mbele ya dirisha utaona umbo moja limejaa nuru na jirani yake limejaa nusu ya nuru, na tofauti hiyo ya nuru imeshika kabisa mahali pa rangi.

Uzi wenyewe ni wa pamba, wa nyuzi nne zilizosokotwa pamoja, usiong'aa, nao huuzwa kwa namba, 16 ukiwa mnene na 30 ukiwa mwembamba. Mafundo hutaka mnene na ndani ya umbo hutakiwa mwembamba. Kushona yote kwa uzi mmoja huua kazi, kwa kuwa boma na uwanja huwa na uzito sawa na jicho halina pa kupumzika.

Desturi ya kuvaa mavazi yale ilipoanza kufifia, ufundi huu ungeweza kuzikwa pamoja nayo. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 Alexandra Thielmann wa Willingshausen aliushughulikia, akawakusanya wanawake na kuutafutia kazi mpya katika vitambaa vya meza na nguo za nyumbani. Baadaye Thekla Gombert akauandikia kitabu, na Holzburg ina makumbusho ya kijiji yanayozihifadhi nguo za kale. Leo wanaojifunza wametapakaa Ulaya, Marekani na kwingineko, wengi wao hawakupata kuuona mto Schwalm. Jambo lililoniathiri katika habari zao ni kwamba wanajifunza kwa kuihoji nguo kuukuu: huigeuza nyuma, wakafuata uzi ulikoanzia na ulikoishia, wakaitambua taratibu ya bibi aliyekwisha kufa miaka mia iliyopita. Uso wa darizi huonyesha uzuri wake, lakini jinsi ilivyofanywa husomwa mgongoni, na picha ya gazeti haina mgongo.

Mswahili wa pwani atanikumbusha, kwa haki, kwamba weupe juu ya weupe si jambo geni Afrika ya Mashariki. Kofia ya viua, iliyofanywa Lamu, Siyu, Pate na Unguja, na ambayo Waomani huiita kumma, ni darizi nyeupe ya daraja ya juu kabisa. Ubavu wake na duara ya juu hukatwa katika nguo nyeupe ya tabaka mbili. Nakshi huchorwa, aghalabu na mtu mwenye ustadi wa kuchora peke yake. Uzi wa kujaza hupitishwa baina ya tabaka ili ubavu usimame. Na viua, yaani matundu yake madogo, hufunguliwa kwa chombo chenye ncha, kisha huzungushiwa uzi mdogo wenye kukazwa sana hata ukingo ukawa mgumu. Tofauti yake na kazi ya Schwalm ni kubwa kuliko inavyoonekana. Fundi wa kofia haondoi uzi: ncha ya chombo chake huzisukuma nyuzi kando, na mshono huzifunga huko zilikosukumwa, kwa hiyo nguo haipungukiwi, na tundu lake ni la duara kwa tabia yake. Tundu la Schwalm lazima liwe la mraba, maana limezaliwa na mtande na mshindio, na umviringo wake wote ni wa kufumwa baadaye. Namsifu fundi wa kofia kwa uimara wa kazi yake, naye mwenzake wa Schwalm namsifu kwa kuthubutu.

Sasa turudi kwa mshonaji wa Soin. Tangu vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilipoanza mwaka 1952, ushonaji ukiwa miongoni mwa mafunzo yake, na hata kabla ya hapo kwa mikono ya wamisionari, wanawake wa nchi hii wamefuma kwa kulabu na wameshona misalaba ya rangi juu ya vitambaa, wakihesabu nyuzi bila ya kuchorewa chochote. Hesabu hiyo ndiyo ilimu ngumu kuliko zote katika darizi ya Schwalm, nao huifanya huku wakizungumza. Wasilonalo ni boma la mafundo na mnyororo, nalo linafunzika. Na wasiyonayo pia ni nguo yenyewe, na hapa nasema kwa mkazo, kwa kuwa nimeona bidii nyingi ikipotea. Kile kitambaa laini chenye mchanganyiko wa nailoni, kinachouzwa madukani kwa ajili ya vitambaa vya makochi, hakifai hata kidogo: nyuzi zake huteleza, mnyororo hauwezi kuzishika, na mtande wake ni mwembamba kuliko mshindio, hata mraba ukatoka mstatili na duara likatoka yai. Itafutwe pamba halisi au kitani, yenye mtande na mshindio wa unene mmoja, nyuzi kama 13 hadi 16 katika sentimita. Mwenye shaka na apime sentimita moja pande zote mbili na kuzihesabu kwa ncha ya sindano kabla ya kutoa senti yake.

Wala sioni haja ya kuiga tulipu. Umbo lolote lililofungika pande zote laweza kuchukua darizi hii, na tunayo yetu. Jani la chai lafaa, ila ncha yake ni kali, na penye ncha kali nyuzi zilizobaki huwa fupi mno zisichukue pambo, basi litiwe limeti peke yake. Sotet, kibuyu chetu cha maziwa, chafaa zaidi: tumbo lake ni pana na la mviringo, lichukue wavu wa nuru na nyota katikati, shingo yake, iliyo nyembamba, itiwe visanduku vya limeti ili isilegee, na mahali pa ushanga unaozunguka kifuniko pawekwe mafundo mawili mawili yaliyokaribiana. Anayeanza na alichore kwa ukubwa wa kiganja, maana umbo dogo kuliko hilo halimpi nafasi ya kuhesabu, na alifue kwa maji ya moto likiisha, alipige pasi likiwa na unyevu, uso ukiwa chini juu ya taulo nene, mafundo yasibonyee.