Nani Alifunga Jeraha la Hamza? Uhakiki wa Riwaya ya Afterlives

Makala haya yanahakiki riwaya ya Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hii inavuka vita vyote viwili vya dunia. Swali letu ni hili: ndani yake nani anawatibu majeruhi, na maisha ya mtu huyo yanasimuliwa na nani?

Kwa msomaji wa Bugendana swali hili si geni. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Gitega, mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1912, na mwezi Septemba yakaitwaa Tabora. Nyuma ya askari walikuwapo wapagazi, na wapagazi hao ndio waliobeba pia wagonjwa.

Tuanze na maudhui. Hamza, mmojawapo wa wahusika wakuu, anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari yake. Ofisa mmoja anamfundisha Kijerumani. Sajini mmoja anamkata kwa upanga. Anatibiwa katika misheni ya Kijerumani, kisha anarudi pwani akichechemea. Hapa ndipo Gurnah anapofaulu sana. Anaonyesha kwamba vita haviishi siku ya kutia sahihi mkataba. Vinabaki katika mguu wa Hamza na katika usingizi wake, hata ndani ya nyumba aliyoanzisha na Afiya. Ilyas, kaka yake Afiya, aliyekuwa askari pia, habari zake zinakuja kujulikana miaka mingi baadaye: alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Hata hivyo, mkono wa tiba unaobaki akilini baada ya kufunga kitabu ni wa mchungaji wa Kijerumani. Wahudumu Waafrika wa misheni wapo, lakini riwaya haiwafuati hadi vita vya pili. Hatusemi kwamba ni kosa. Mwandishi ana haki ya kuchagua njia yake. Tunasema kwamba njia hiyo imeacha pengo, nalo linatuhusu.

Historia inatuonyesha ukubwa wa pengo hilo. Mwaka 1917 Waingereza waliunda Uganda kikosi cha tiba cha Waafrika chini ya Meja G. J. Keane. Vijana waliosoma shule za misheni waliandikishwa kuwa madresa: kusafisha vidonda, kugawa dawa, kuwaangalia wapagazi waliolazwa. Wapagazi wa upande wa Waingereza walikaribia milioni 1, na waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa maradhi kama kuhara damu na malaria, si kwa risasi. Keane na mwenzake Tomblings walitoa kitabu juu ya kikosi hicho mwaka 1920. Ni ushahidi wenye thamani, lakini ni maofisa wanaosema, dresa anasemewa. Kati ya 1939 na 1945 Waafrika Mashariki walifanya kazi hiyo tena katika kikosi cha tiba cha jeshi, na Kongo ya Wabelgiji ikapeleka hospitali ya vitani hadi Burma.

Jambo la kutia moyo ni kwamba lugha imeweka kumbukumbu pale fasihi iliponyamaza. Dresa ni neno lililotoka katika Kiingereza. Jirani yake katika Kirundi, umuforoma, limetoka katika Kifaransa. Maneno mawili kwa kazi moja, chini ya dola mbili. Kariakoo ya Dar es Salaam nayo bado inataja wapagazi kila siku, ingawa wengi wanaopanda daladala kwenda huko hawalijui hilo.

Wanafunzi wasome Afterlives. Wanaopenda kuanza kwa Kiswahili wasome Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ambayo hadithi yake inakoma vita vya kwanza vikiwa mlangoni. Kisha walimu tuwape zoezi: kila mmoja aulize nyumbani ni nani katika ukoo aliwahi kubeba machela au kufunga bandeji jeshini, aandike wasifu wake kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu. Wajukuu wanaoweza kusimulia habari hizo wanazeeka. Tukichelewa, dresa ataendelea kusemewa na maofisa.